UZI: Niko mwaka wa tatu wa sheria Kampala. Niombe sasa kazi ya msaidizi wa jaji au nisubiri nimalize LDC (Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya uwakili)?

MwanaBombo (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nasoma sheria hapa Kampala, mwaka wa tatu kati ya minne. Nimekulia Bombo, mji wa kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili na Kinubi ndizo lugha za nyumbani, Kiingereza ni cha darasani.

Ninachotaka baada ya chuo ni kufanya kazi na jaji: kumfanyia utafiti, kumwandalia muhtasari wa jalada, kupitia rasimu ya hukumu kabla haijasomwa. Nikiingia mtandaoni kila mtu anasema omba mapema, hata miaka miwili kabla. Nikirudi kwa wenzangu darasani wananicheka. Wanasema Uganda hayo hayapo: maliza digrii, pambana na LDC, tafuta ofisi ya wakili, kwisha habari.

Sasa nauliza wenye uzoefu. Kuomba nikiwa bado mwanafunzi kuna maana yoyote? Barua inaandikwa kwa nani? Na hizi za nje, Arusha na The Hague, ni za watu wa aina gani? Sina mjomba mahakamani, naomba mlijue hilo kabla hamjajibu.

---

Jalada Refu

Napiga kambi hapa.

---

Kikomando

Mdogo wangu, nikuokolee muda. Nchi hii ni kujuana. Wenzako watapata hizo nafasi kabla tangazo halijabandikwa. Soma, maliza, nenda LDC, pata cheti cha uwakili, kula chapati zako na maharage kwa amani.

---

Binti Busia

@Kikomando, kujuana kupo, sikatai. Lakini mimi nilifanya kazi hiyo katika mojawapo ya mahakama za juu kabla sijaingia uwakili, na kwetu hakuna aliyewahi kuvaa joho.

@MwanaBombo, kwanza tupa ushauri wa Wamarekani unaousoma, au uusome ukijua ni wa nchi nyingine. Kule digrii ya sheria ni miaka mitatu, na majaji wa shirikisho wanagombania wanafunzi bora kama timu zinavyogombania wachezaji. Haraka hiyo ilifika mahali wakaweka utaratibu: majaji walioukubali hawapokei maombi mpaka Juni, mwanafunzi akiwa amemaliza mwaka wa pili, na maombi yanapita kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni unaoitwa OSCAR. Utaratibu wenyewe ni wa hiari, kwa hiyo wapo majaji wanaochukua watu mapema zaidi. Ndiyo maana ukisoma mijadala yao unahisi umeshachelewa tangu utoto.

Kwetu hakuna soko la namna hiyo wala msimu mmoja. Nafasi rasmi zikiwepo hutangazwa, na mara nyingi wanataka mtu mwenye digrii mkononi, wengine wanataka na stashahada ya LDC. Ukiandika leo kuomba nafasi ya miaka miwili ijayo, barua itagongwa muhuri wa kupokelewa na itakaa masijala mpaka karatasi igeuke rangi. Hata jaji mwenyewe hajui atakuwa wapi. Majaji wa Mahakama Kuu wanahamishwa: leo yuko Kitengo cha Ardhi Kampala, mwakani yuko Masindi. Halafu kuna umri. Kwa Katiba yetu jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 65, wa Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu miaka 70. Nimeona watu wanamsubiri jaji fulani, wamesoma hukumu zake zote, kumbe mzee amebakiza miezi. Tarehe za kuzaliwa za majaji si siri. Angalia.

Kwa hiyo "mapema" ya Uganda ni hii: uingie mahakamani kama mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo ukiwa mwaka wa pili au wa tatu, ufanye kazi itakayomfanya mtu aulize jina lako, halafu siku nafasi inatangazwa uwe tayari una mtu wa kukuandikia barua ya kukupendekeza ambayo haifanani na za wengine. Huyo mtu si lazima awe jaji. Msajili aliyekuona ukifanya kazi ana uzito kuliko jaji aliyekusalimia kwenye ngazi.

---

MwanaBombo

Ahsante sana dada. Lakini kazi yenyewe ikoje kwa undani? Nisije nikawa naota kitu ambacho ni kubeba mafaili.

---

Binti Busia

Mafaili utabeba, usijidanganye.

Kazi yenyewe iko hivi. Unapewa jalada la mgogoro wa kibanja, yaani kipande ambacho mtu anakikalia kwenye ardhi yenye hati ya mwingine. Mdai anasema alinunua kihalali, ana karatasi ya mauziano yenye saini ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa). Mdaiwa ana hati ya ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu) na anasema hakuombwa ridhaa. Jalada ni nene, nusu yake ni nakala za nakala, kurasa nyingine zimefungwa kichwa chini. Jaji anataka kurasa nne: nani anadai nini, kipi hakibishaniwi, maswali ya kuamuliwa ni yapi, kila upande umeegemea sheria gani, na je, kesi walizonukuu zinasema kweli wanachodai zinasema?

Hilo la mwisho ndilo linalokula usiku. Wakili ananukuu aya moja tamu kweli. Ukifungua hukumu yenyewe unakuta aya ile ni ya jaji aliyepingana na wenzake, yaani ndiyo iliyoshindwa. Au kesi ilishatenguliwa kwenye rufaa na hakuna aliyejisumbua kuangalia. Na siku hizi akili mnemba inatunga kesi zenye majina mazuri ambazo hazijawahi kusikilizwa popote. Msaidizi asiyefungua chanzo chenyewe anamwingiza jaji shimoni.

Jambo jingine: muhtasari haumwambii jaji aamue nini mpaka akuulize. Wapo wanaopenda uandike maoni yako mwishoni, wapo wanaochukia. Muulize siku ya kwanza.

---

Mzee wa Masijala

Nimesoma nimefurahi. Mimi nilikuwa karani wa mahakama, nimestaafu, majaji wengi wamepita mbele yangu. Wanangu, niongeze machache.

Barua ya mafunzo usimpelekee jaji mkononi. Usiende chambazi, ofisini kwa jaji, ukabisha hodi eti "nimekuja kujitambulisha". Utaonekana unatafuta njia ya panya. Pata kwanza barua ya utambulisho kutoka kitivo chako, andika barua yako kwa uongozi wa Mahakama, taja kitengo au kanda unayoitaka, peleka ofisini, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nakala hiyo ndiyo mkombozi wako siku utakapoambiwa barua haionekani. Na itapotea tu.

Halafu kalenda. Vijana wote wanaomba Juni na Julai kwa sababu chuo kimefungwa. Wanasahau likizo ya mahakama: tarehe 15 Julai mpaka 15 Agosti, na tena 23 Desemba mpaka 7 Januari. Wakati huo mashauri ya madai ya kawaida hayasikilizwi, yanabaki ya dharura na ya jinai. Kijana anakuja katikati ya Julai ameshona suti, anakuta korido tupu.

Lakini mwenye akili anaigeuza. Jaji haendi kulala kipindi hicho, anaandika hukumu zilizorundikana. Kanuni za maadili za majaji zinataka hukumu itoke ndani ya siku 60 baada ya kusikiliza, na mrundikano wa kesi mnaujua. Kwa hiyo anza Juni mwanzoni uone mahakama ikifanya kazi, ujulikane, halafu likizo ikianza usikimbie kwenda kijijini. Hapo ndipo anatafutwa mtu wa kusoma.

---

Binti Busia

@Mzee wa Masijala shikamoo. Kwenye kalenda umemaliza kila kitu. Kwenye barua tutofautiane kidogo. Mwanafunzi akishamaliza mafunzo, akiwa na andiko zuri linalogusa eneo la jaji fulani, sioni ubaya kumwandikia barua pepe fupi kupitia kwa katibu muhtasi wake, nakala kwa msajili. Mimi nilifanya hivyo na nilijibiwa.

---

Mzee wa Masijala

Marahaba binti yangu. Wewe ulijibiwa. Mimi nilikuwa nazitupa.

---

Kikomando

😂😂 Mzee ameua.

---

Wakili wa Namirembe

Suala la andiko la mfano mmelipita juu juu na ndilo linaloangusha wengi. Huwa napitia maombi ya vijana ofisini kwangu, ya uwakili lakini kasoro ni zilezile.

La kwanza. Tangu 1 Julai 2024 tunatumia Toleo la Saba la sheria zilizorekebishwa. Namba za sura zimebadilika na vifungu vingi vimehama. Sheria ya Ardhi uliyoisoma kama Sura ya 227 sasa ni Sura ya 236. Kanuni ya Adhabu kutoka 120 imekuwa 128. Kijana analeta andiko analodai ameliandika mwezi uliopita, ndani yake namba zote ni za zamani. Najua papo hapo kwamba amenakili kazi ya kaka yake, au amesoma vitabu tu bila kufungua sheria yenyewe. Ukinukuu hukumu ya zamani, acha namba kama ilivyo kwenye nukuu halafu eleza kwa maneno yako kifungu hicho sasa kiko wapi. Jambo dogo, lakini jaji anaishi humo kila siku.

La pili, mada. Kila mwanafunzi sasa anaandika juu ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya 31 Januari 2025, ile ya Kabaziguruka iliyozuia mahakama za kijeshi kusikiliza kesi za raia. Ni hukumu kubwa, sawa, lakini mwanafunzi anaishia kutoa hotuba. Jaji hatafuti mwanaharakati wala mtetezi wa serikali, anatafuta mtu anayeweza kukaa na swali dogo mpaka liishe. Chukua swali ambalo majaji wawili wa Mahakama Kuu wameamua tofauti, eleza tofauti yao imetoka wapi, sema upi una msingi zaidi na kwa nini. Kurasa sita zinatosha. Hukumu zipo bure kwenye ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda, na unaweza kuzitafuta kwa jina la jaji. Soma za huyo unayetaka kufanya naye kazi. Wapo wanaoandika kurasa themanini na wapo wanaomaliza kwenye kumi, na ukimpelekea wa kumi andiko la themanini umejijibu mwenyewe.

La tatu nalisema kwa sauti ya chini: safisha ukurasa wako wa X. Ukiwa umemtukana jaji kwa sababu timu yako ya siasa ilishindwa kesi, usidhani hakuna anayeangalia.

---

Dada wa Arua

Naomba niseme la pesa maana wote mnaongea kama vile mtu anakula hewa. Mafunzo hayalipwi. Nauli ya kila siku, chakula, suti, viatu. Anayekaa Kawempe huku anafanya mafunzo Nakasero, Mahakama ya Biashara, anajua ninachosema, boda peke yake inakumaliza.

Kwa hiyo mimi sikubanana Kampala. Niliomba kanda ya Mahakama Kuu ya nyumbani, Arua, nikala kwa mama. Na nikagundua kitu ambacho wanafunzi wa Kampala hawakijui: kule wanafunzi ni wachache na kazi ni nyingi. Wenzangu waliobaki mjini walikuwa wengi kwenye chumba kimoja wakigombania kiti. Mimi wiki ya kwanza tu msajili aliniweka kwenye kupanga majalada ya jinai kwa ajili ya kikao, nikaandika mihtasari, nikakaa kwenye upatanishi. Mashahidi wengine waliongea Kilugbara, wengine Kiswahili, mkalimani akichelewa nilikuwa naelewa kinachosemwa kabla hakijatafsiriwa. Gulu, Mbale, Soroti, Fort Portal, ni hivyohivyo. Mwenye kwao huko asione aibu.

---

Jalada Refu

Dada wa Arua hapo umenigusa. Mimi ni wa Mbale na nilikuwa nimeshatafuta chumba Wandegeya.

---

Kikomando

Sawa, nakubali mikoani kuna kazi. Lakini mnampotosha mtoto. Baada ya digrii kuna LDC, na LDC haina huruma. Akili yake ikiwa kwa majaji, kozi itamla. Na LDC wenyewe wana kipindi cha kuwapeleka wanafunzi kwenye ofisi za mawakili na mahakamani. Si asubiri hapo?

---

Binti Busia

Asubiri hapo kwa nini? Hapo kila mtu atakuwa anapelekwa, yeye atakuwa mmoja kati ya mamia. Aliyeshafahamika kabla ndiye atakayeulizwa "wewe si yule wa mwaka juzi?" Lakini nakubaliana na wewe jambo moja: wakati wa mitihani ya LDC asiguse maombi ya aina yoyote. Kozi yenyewe ni ya miezi tisa na ukifeli somo unaburuzwa nalo. Maombi yafanywe kabla au baada.

---

Arusha Kwetu

Nimechelewa, naona swali la nje halijajibiwa. Huku ndiko "omba mapema" kuna maana yake halisi, kwa sababu kalenda zinatangulia karibu mwaka mzima.

The Hague kwanza. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ina programu ya vijana waliomaliza sheria karibuni, kila mmoja anapangwa na jaji, kuanzia Septemba kwa muda wa miezi kama kumi. Jambo ambalo Waganda wengi hawalijui: huombi mwenyewe. Chuo chako ndicho kinachokuteua, na kwa kawaida chuo ndicho kinachogharamia. Zamani hapo ndipo ndoto ilipofia, maana chuo gani kwetu kitakulipia Uholanzi mwaka mzima? Mwishoni mwa 2020 Umoja wa Mataifa ulikubali uanzishwe mfuko maalumu kwa ajili ya wateule wa vyuo vya nchi zinazoendelea. Kwa hiyo kazi yako ya mwaka wa tatu ni kwenda kwa mkuu wa kitivo na kumuuliza kama chuo huteua watu, na kama hakiteui, nani wa kulianzisha. Wakuu wengine watashangaa. Mpelekee tangazo lililochapishwa. Tuna Mganda pale, Jaji Julia Sebutinde, tangu 2012, lakini usidhani ndiye atakayekuchagua, programu ni ya mahakama nzima.

Arusha kuna mahakama mbili na watu wanazichanganya. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki inashughulika na Mkataba wa Jumuiya, lugha yake ya kazi ni Kiingereza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ni ya bara zima. Zote huchukua wanafunzi na wahitimu kwa mafunzo. Hii ya pili, @MwanaBombo, Kiswahili chako ni mtaji. Mashauri mengi yaliyowahi kufunguliwa pale yametoka Tanzania, mengi ya wafungwa, na kumbukumbu za mahakama za chini za Tanzania zimejaa Kiswahili. Mwenzako wa Lagos au Dakar anasubiri tafsiri, wewe unasoma mwenendo wa shauri kama ulivyoandikwa. Weka hilo kwenye barua, aya ya kwanza kabisa, na lisiwe limejificha chini kabisa kwenye wasifu karibu na "napenda kusoma na kuogelea".

Na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, Johannesburg, inapokea wasaidizi wa majaji kutoka nje, waliokwisha kumaliza digrii. Mgeni ajiandae kujigharamia au atafute ufadhili. Pazuri sana kwa mtu anayependa sheria ya katiba, ila bila pesa ni hadithi.

---

Wakili wa Namirembe

Nyongeza kwa Arusha Kwetu: Kiswahili hicho kiwe cha kuandika. Kuna vijana wetu wanaongea Kiswahili cha kambini vizuri kabisa, ukiwapa hukumu ya Tanzania waisome hawajui mrufani ni nani na mjibu rufani ni nani. Tanzania ilibadilisha sheria 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Chukua hukumu chache zilizoandikwa kwa Kiswahili uzoee msamiati.

---

MwanaBombo

Wakuu mmenifungua macho. Baba yangu alikuwa askari, Kiswahili changu ni hichohicho cha kambini, wakili umenisema mimi 😅. Nitaanza na hizo hukumu.

Mpango wangu: barua ya utambulisho kutoka kitivo mwezi huu, naomba kanda ya nje ya Kampala, nianze Juni mwanzoni nipite na likizo ya mahakama. Andiko nitachukua suala la ridhaa ya mwenye ardhi kwenye kibanja maana tumelisoma na naona majaji hawaimbi wimbo mmoja. Na mkuu wa kitivo nitamwona kuhusu The Hague.

Swali la mwisho. Naweza kuomba kanda mbili kwa wakati mmoja, au wataona sina msimamo?

---

Mzee wa Masijala

Omba moja, taja ya pili ndani ya barua hiyohiyo kama mbadala. Ukipeleka barua mbili zitakutana kwenye meza moja, na wa meza hiyo atacheka kwanza kabla hajaamua. Saini kwa kalamu. Namba ya simu uweke ambayo huipokei kwa "nani mwenzangu?"

---

Jalada Refu

@MwanaBombo ukichagua Mbale niambie, kwetu kuna chumba.

---

Binti Busia

Na siku ukipewa jalada la kwanza, usilipige picha hata ukurasa mmoja, hata kama ni la kesi inayoongelewa redioni. Kuna aliyeondolewa saa nne asubuhi kwa kosa hilo, chai ilikuwa bado haijafika.